Walipolala Wageni wa Kwanza

Mimi ni mtu wa maneno mengi, sikatai. Kule Kadutu, Bukavu, ninakoishi, jirani akitaka habari haendi kununua gazeti, anakuja kuomba chumvi kwangu. Kwa hiyo ukisikia kwamba nyumba ya wageni ya marehemu Nyirahabineza ilikaribia kupotea kwa sababu mimi, Bernadette, nilikaa kimya, utadhani ni utani. Si utani. Nilinyamaza saa nzima, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba, na nilinyamaza kwa makusudi. Bora niseme mwenyewe ilivyokuwa, maana nisiposema nitasemewa.

Ninauza vitenge. Mara mbili kwa wiki navuka daraja la Rusizi na mzigo wangu, naingia Rwanda, napanda hadi soko la Kamembe. Biashara ikichelewa nashuka kulala kwa Nyirahabineza, huku chini Cyangugu ya zamani, hatua chache kutoka mpakani. Nimelala pale miaka ishirini na sita. Nimelala nikiwa na mimba, nikiwa na malaria, nikiwa mjane wa wiki tatu. Mwaka ule wa korona mpaka ulipofungwa, nilikumbuka kile kitanda kuliko nilivyokumbuka soko.

Nyumba yenyewe haitishi mtu. Ina vyumba saba, kuta za matofali ya udongo zilizopakwa chokaa, mabati yaliyopauka, na baraza linalotazama ziwa. Lakini kabla Kamembe haijawa mji, kabla ya hizi hoteli ambazo mlango unafunguliwa kwa kadi badala ya ufunguo, nyumba hiyo ilikuwapo. Nyirahabineza alinisimulia mara nyingi. Mwanzoni hapakuwa na vitanda. Kulikuwa na chumba kimoja kikubwa, moto katikati, na mikeka. Watu walifika kwa miguu kutoka mbali, wakitafuta njia ya kuvukia, wengine na mbuzi, wengine na magunia ya kahawa, wakalala mstari mmoja kama ndugu. Mama yake Nyirahabineza alisimika mti mwembamba kando ya njia, akafunga jani la mgomba juu yake. Jani likiwa bichi, pombe ya ndizi ipo. Likiwa kavu, hakuna. Bango lilikuwa hilo tu, na kila mtu alijua kulisoma.

Wazungu nao walikuwa na hoteli yao juu kilimani, yenye veranda na santuri. Mtu mweusi aliingia huko kwa mlango wa nyuma, tena akiwa amebeba maji ya kuoga ya mwingine. Kwa hiyo watu wetu walikuwa na nyumba ya mama yake Nyirahabineza, basi. Baada ya uhuru yakaja magodoro, zikaja taa, ikaja televisheni, ambayo mimi binafsi nisingeileta.

Kwa jinsi nilivyoielewa habari hiyo, mji mzima ulianzia kwenye mtungi wa pombe. Nilikuwa nalitangaza hilo kila mahali, sokoni, kwenye foleni ya mpakani, hata kanisani mara moja, na sikuona aibu. Kwanza mtungi, kisha wanywaji, kisha wanaolala kwa sababu wamelewa, kisha mji. Nilikuwa na uhakika kabisa.

Nyirahabineza alifariki miaka miwili iliyopita akamwachia nyumba mjukuu wake, Umutesi. Huyo ana miaka ishirini na tisa, amekulia Kigali, amesomea kazi ya hoteli na ana cheti ukutani. Ni msafi hadi anachosha. Ni mlokole pia, wa wale ambao pombe hawaigusi hata kwa ncha ya kidole. Huniita Tantine, yaani shangazi. Nampenda kama mwanangu wa kumzaa, na tangu siku ya kwanza alinitia hasira.

Alianza kwa kubadilisha shuka. Sikusema kitu, shuka zilikuwa zimechoka kweli. Akapaka rangi milango, nikasifu. Kisha siku moja nikafika na kukuta mtungi mkubwa wa bibi yake, ule wa kunywea wageni, umejazwa udongo na kupandwa maua.

"Umutesi," nikamwambia, "mutungi ya bibi yako iko inafanya nini na maua?"

"Tantine, mi siuzi pombe. Bibi aliuza, sawa. Mi niliahidi Mungu hapana."

"Na bageni batakunywa nini?"

"Juisi. Chai. Maji."

"Maji. Muntu atoke Bukavu, apite daraja, aonyeshe jetoni ya mupaka, apekuliwe mizigo, juu ya kuja kunywa maji?"

"Kama haitoshi, ziwa iko pale, Tantine."

Ndivyo alivyo. Tukagombana vizuri, mimi kwa sauti, yeye bila sauti, na asiye na sauti siku zote ndiye anayeumiza zaidi. Mwisho akaniambia kwamba kazi ya kupokea wageni ameisoma miaka mitatu, na kama nina la kumfundisha nibaki nalo. Nikasema sawa. Nikaapa mbele ya yale maua kwamba sitamfundisha tena kitu chochote kuhusu wageni, hata nyumba ikiwaka moto.

Barua kutoka ofisi ya wilaya ikaja mwezi wa sita. Mji unakua, iliandikwa, na ile barabara ya kandokando ya ziwa inataka majengo ya ghorofa. Mwenye nyumba ya chini ajenge kwenda juu, na asiyeweza amuuzie anayeweza. Umutesi hawezi hata kubadilisha mabati yote kwa mara moja, sembuse ghorofa. Na mnunuzi alikuwa ameshapita mara mbili kupima uwanja kwa hatua zake, bila hata kubisha hodi.

Kulikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea. Nyumba iliyopokea wasafiri tangu kabla ya uhuru ingeweza kuandikwa kuwa nyumba ya kumbukumbu, ikarekebishwa na kubaki ilivyo. Lakini karatasi za zamani hazikuwapo, maana nani alimwandikia karatasi mwanamke mwenye mikeka? Badala yake wangekubali watu wawili, wazee wa kutosha, wasio ndugu wa mwenye nyumba. Waketi ndani ya nyumba hiyo mbele ya mtu wa ofisi, waseme walilala pale na lini, watie dole gumba. Mwisho wa kupokea maneno hayo ulikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba.

Umutesi alinifuata sokoni na barua mkononi. Tulikuwa hatujasalimiana vizuri wiki mbili.

"Tantine, mi sijui mutu hata mumoja aliyelala kwa bibi wakati ule. Weye unabajua."

Niliwajua wawili tu waliobaki hai. Wa kwanza alikuwa Mzee Mukengere, mjomba wa marehemu mume wangu, fundi cherehani pale Kadutu, mwenye miaka themanini na minne na masikio bado mazima. Wa pili alikuwa Mzee Wenceslas wa Muganza. Ujanani alibeba kahawa ya watu kwa mabega kutoka Bugarama, baadaye akaendesha malori ya saruji mpaka macho yalipomsaliti. Niliwatafuta wote wawili, nikawabembeleza wote wawili, nikapanga hata watakavyosafiri. Kazi hiyo niliifanya kwa moyo wote. Ila namna ya kuwapokea, sikumwambia Umutesi neno. Nilikuwa nimeapa.

Siku ilipofika, watu walimaliza asubuhi kazi ya umuganda, ile ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi, barabara zikafunguliwa, na saa nane kamili nilikuwa langoni na Mzee Mukengere. Njia nzima kutoka darajani alikuwa akinisimulia. Hapa palikuwa na mkuyu. Hapa tuliogopa fisi. Ndani, moto ulikuwa upande wa kushoto kidogo, si katikati kabisa kama ninavyosema mimi. Mzee Wenceslas alishuka kwenye pikipiki wakati huohuo, wakatazamana, hawakuwa wameonana miaka arobaini, wakaanza kucheka kama watoto waliotoroka shule. Nikaona kazi imeshakwisha. Watu wawili wenye furaha namna ile watasema hadi mtu wa ofisi aombe karatasi nyingine.

Mtu wa ofisi alikuwa Nzabonimana, mtu wa makamo, mpole, mwenye jalada kwapani na kalamu tatu mfukoni. Tuliketi barazani wote wanne. Umutesi akatoka jikoni.

Alipendeza, nikisema vinginevyo nitakuwa mwongo. Alivaa aproni nyeupe iliyopigwa pasi. Alibeba sinia, na juu ya sinia glasi nne za juisi ya marakuja, yaani pasheni, zimejaa sawasawa zote, kila moja na karatasi ya kufutia mdomo iliyokunjwa pembe tatu. Akaweka glasi moja mbele ya kila mtu, akainamisha kichwa jinsi alivyofundishwa, akarudi jikoni ili asisumbue mazungumzo.

Sasa, kwetu, ng'ambo hii na ile ya Rusizi, mtu mzima hanywi kitu ambacho hakukiona kikimiminwa. Chupa inafunguliwa mbele yako. Kama ni mtungi, mwenye nyumba anavuta kwanza kwa mrija, wewe unamtazama koo, kisha ndipo anakupa. Kama ni kikombe, anaonja yeye. Hakuna anayelifundisha jambo hilo darasani. Kila ukoo una mtu wake aliyekunywa glasi mahali fulani, akarudi nyumbani, akalala, hakuamka, na kuna jina linalotajwa kwa kunong'ona. Mzee Mukengere alimpoteza kaka yake hivyo, au hivyo ndivyo wanavyoamini mpaka leo. Vijana wengi siku hizi hawajali, wanakunywa chochote kilichoko mbele yao. Umutesi nadhani alikuwa anajua desturi ya mtungi, lakini akaona ni jambo la pombe, na pombe alishaifukuza nyumbani.

Mimi niliona. Niliziona glasi zikitoka jikoni zimejaa tayari, nikajua papo hapo. Ningeweza kusema, Umutesi, leta jagi hapa, kunywa na sisi. Maneno saba tu. Nikakunja mikono kifuani, nikasema moyoni, aliisoma miaka mitatu, acha tuone.

Mzee Mukengere aliitazama glasi yake. Mzee Wenceslas aliitazama yake. Kisha wakatazamana, na kile kicheko cha langoni kikaisha.

"Mzee," alianza Nzabonimana, "ulilala katika nyumba hii mwaka gani?"

"Ni zamani sana," alisema Mzee Mukengere. "Pengine ilikuwa hapa. Pengine ilikuwa nyumba ingine."

"Nimeambiwa unakumbuka hata moto ulipokuwa."

"Manyumba yote ilikuwa na moto siku zile."

Nzabonimana akamgeukia Mzee Wenceslas. Huyo akasema kwamba kulikuwa na nyumba nyingi siku zile, na yeye alikuwa anapita tu na mzigo, na macho yake sasa ni mabaya. Akauliza kama pikipiki za kwenda Kamembe zinapatikana hapo nje.

Nililielewa vizuri sana lililokuwa likitokea. Mzee hawezi kusema, sinywi kwa kuwa naogopa. Kusema hivyo ni kumwita mwenye nyumba mlozi mbele ya serikali. Na hawezi kuisifu nyumba huku moyoni anaihofu. Linalobaki ni kusahau kila kitu kwa adabu, na wote wawili walisahau kwa adabu kubwa. Baada ya muda wakainuka, wakashukuru, wakaaga. Glasi nne zilibaki mezani zimejaa, na ya kwangu ikiwa mojawapo, maana hata mimi sikunywa, na hilo linanichoma mpaka sasa.

Nzabonimana alifunga jalada taratibu. "Maman, siwezi kuandika ambacho hawakusema. Nakwenda kuangalia nyumba nyingine pale karibu na kanisa. Saa kumi na nusu nitapita hapa, mwenye nyumba aniwekee sahihi kwamba kikao kilifanyika. Baada ya hapo jalada linaondoka."

Umutesi alitoka jikoni akitabasamu, akidhani wamemaliza vizuri. Akaona viti vitupu. Akaona glasi.

"Hawakunywa," alisema.

"Habakunywa."

"Wamesema nini?"

"Hakuna kitu. Basema habakumbuki."

Alikaa kwenye kiti alichokuwa ameketi Mzee Mukengere. "Wamenunuliwa," alisema. "Yule anayetaka uwanja amewanunua. Wazee wazima, Tantine. Mi nilikesha naomba juu yao." Akashika aproni yake kwa mikono miwili, akajifunika uso, akalia bila sauti, kama kawaida yake ya kufanya kila kitu bila sauti.

Nimewahi kuona aibu maishani, lakini si kama ile ya siku hiyo. Nilikaa kwenye sakafu karibu na miguu yake.

"Umutesi, hakuna muntu aliyebanunua. Ni miye."

Nikamweleza yote. Sikujipunguzia kitu. Nilimweleza habari ya kaka yake Mzee Mukengere, nikamweleza kwamba niliona glasi zikija na nikakunja mikono ili ajue kwamba cheti si kila kitu. Alinisikiliza uso ukiwa bado umelowa.

"Uliona," alisema.

"Niliona."

"Na ukanyamaza. Weye."

"Miye."

Nilingojea anifukuze. Ningekuwa yeye ningenifukuza, na mzigo wangu ningeurusha dirishani. Yeye alifuta uso, akauliza wako wapi.

Walikuwa bado hapo barabarani. Nilisimama barazani nikawaona, wameketi kwenye ukingo wa mfereji, wakingoja pikipiki. Watu wa kuvuka walikuwa wakipita mbele yao na mabeseni ya nyanya na samaki wadogo wa ziwani, sambaza.

"Niende niwaambie nini?" Umutesi aliuliza. "Kwamba sikuweka sumu?"

"Ukitamka ile neno tu, imekwisha. Hakuna cha kusema. Unapaswa kukunywa mbele yabo."

"Kunywa nini?"

Hapo nikakwama. Kwa akili yangu, na kwa historia yangu ya mtungi niliyoitangaza miaka yote hiyo, jibu lilikuwa moja tu. Jirani wa tatu alikuwa na pombe ya ndizi iliyotoka Gitambi juzi yake. Nilitaka kumwambia, midomo tu, Umutesi, lowanisha midomo tu, Mungu si mtu wa kushika vitu vidogo. Nilifungua mdomo, nikauona uso wake, nikajua kwamba nikimwomba hilo nitakuwa nimemkosea mara mbili kwa siku moja. Nikafunga mdomo.

Aliinuka, akaingia jikoni, akatoka na jagi la maji ya kuchemsha na kikombe kimoja cha bati.

"Mi niko na maji tu, Tantine," alisema, na akatangulia.

Nikamfuata nikiwa nimekata tamaa kabisa. Maji! Watu wametoka Muganza na Bukavu.

Hakusimama mbele yao kama mhudumu. Aliketi kando yao, juu ya ukingo uleule wa vumbi, na aproni yake nyeupe. Akamimina maji kwenye kikombe, wote tukitazama. Akanywa hadi mwisho, pole pole, akakiinamisha kikombe kuonyesha kwamba hakuna kilichobaki. Akamimina tena kutoka jagi lilelile. Akampa Mzee Mukengere kwa mkono wa kuume, mkono wa kushoto umeshika kiwiko, jinsi wanavyowapa wakubwa.

"Mzee, unisamehe," alisema. "Niliwaacha peke yenu."

Mzee Mukengere alikishika kikombe bila kukipeleka mdomoni. "Ni maji?"

"Ni maji, Mzee. Mi sikunywaka pombe."

Alikinywa chote. Umutesi akamimina, akaonja, akampa Mzee Wenceslas, naye akanywa, akaomba kingine. Pikipiki ikasimama, dereva akauliza nani anakwenda Kamembe. Mzee Wenceslas akamwambia apite.

"Nani alikuambia?" Mzee Mukengere alimuuliza Umutesi.

"Aliniambia nini, Mzee?"

"Ya maji."

Hakuna aliyeelewa. Ndipo akaanza. Alizungumza akitazama barabara, na sikuthubutu kumkatiza, jambo ambalo kwangu ni gumu.

"Ilikuwa mwaka makumi tano na tisa. Mi nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilitoka ng'ambo na sindano zangu na kipande ya kitambaa, niko natafuta kazi. Siku tatu sijalala. Njiani batu balikuwa banaibiwa, balikuwa banapigwa, kila muntu anaogopa mwenzake. Tukafika hapa batu banne. Jani ilikuwa imekauka. Babili bakapita, juu hakuna pombe. Mi miguu ilikataa. Ule Maman mwenye nyumba akatoka. Hakukuwa na kitu mu nyumba, ndizi zilikuwa hazijaiva. Akachota maji mu kibuyu, akakunywa mbele yetu, akatupatia. Alinitazama tu. Hakuniuliza mi ni mutoto wa nani, ni wa kabila gani. Mi nililala, Maman. Nililala mpaka jua ikafika mu macho."

"Ile jani ilikuwaka kavu karibu siku zote," alisema Mzee Wenceslas. "Pombe ilikuja nyuma. Siye tuliokuwa tunabeba kahawa tulijua ile nyumba ni ya maji. Pombe ilikuwaka pale kwa jirani, na pale kwa jirani batu balikuwa banapigana."

Wote wawili wakaanza kucheka tena. Mimi sikucheka. Nilikuwa nahesabu watu niliowaambia kwamba mji huu ulianzia kwenye mtungi, na idadi ilikuwa kubwa, na baadhi yao walikuwa wageni kutoka Ulaya walioandika kwenye madaftari yao. Umutesi alinitazama. Angeweza kusema kitu na nilistahili. Akanimiminia maji na mimi.

Hivyo ndivyo Nzabonimana alivyotukuta saa kumi na nusu, wanne juu ya mfereji, tunapokezana kikombe kimoja. Wazee wakaanza kumsimulia palepale, naye akasema habari zote hizo ni nzuri, lakini barua inasema kikao kifanyike ndani ya nyumba. Basi tukainuka. Umutesi alimshika Mzee Mukengere mkono, mimi nikamshika Mzee Wenceslas, tukaingia.

Mzee Mukengere hakuketi safari hii. Alitembea ndani ya ukumbi akigusa kuta, akafika kwenye meza ya Umutesi ya kupokelea wageni, akagonga sakafu kwa fimbo. "Moto ilikuwa hapa. Vichwa huku, miguu kwa moto. Mi nililala wa tatu kutoka mulango." Mzee Wenceslas akasema yeye siku zote alilala wa kwanza, kwa sababu kahawa inanuka na wenzake walimlalamikia. Nzabonimana aliandika hadi kalamu moja ikakauka, akatoa ya pili.

"Kuna swali moja fomu inauliza," alisema. "Katika nyumba hii kulikuwa kunauzwa nini?"

Wazee walitazamana.

"Busingizi," alisema Mzee Mukengere.

"Mzee, fomu inataka bidhaa."

"Njo hiyo. Andika."

Nzabonimana alifikiri kidogo, kisha akaandika usingizi, kwa herufi zake nzuri za mtu wa ofisi. Wakatia dole gumba, mmoja baada ya mwingine. Akapuliza wino ukauke, akafunga jalada, akasema kwamba kwa maneno hayo hakuna wa kubisha, na nyumba inabaki. Alisema pia angependa juisi, kama ipo, na Umutesi akaleta jagi zima na kummiminia palepale mezani, baada ya kunywa yeye.

Nilifurahi sana. Umutesi alikwenda kusimama nyuma ya mlango kidogo, peke yake, akarudi macho mekundu na uso unang'aa. Tulishikana mikono tu. Mambo mengine tuliyazungumza baadaye na hayamhusu mtu.

Saa kumi na moja ikakaribia. Nikamkumbusha Mzee Mukengere kwamba aliniambia anataka kuvuka mapema. Lazima niseme jambo moja kuhusu mzee huyu. Tangu mke wake afariki, miaka sita sasa, hajalala nje ya nyumba yake hata siku moja. Binti yangu alipoolewa Uvira, alitulazimisha tumrudishe Bukavu siku ileile, kwa barabara ile mbaya, kwa sababu kwa watu usingizi haumjii. Kwa hiyo nilikuwa nimeshashika koti lake.

Hakulichukua. Alikuwa bado amesimama pale kwenye meza.

"Maman," alimwambia Umutesi, "kuko chumba?"

Siku hiyo vyumba vyote vilikuwa na watu isipokuwa kile nilichowekewa mimi, chenye dirisha la ziwani. Umutesi alinitazama na hakuniuliza. Nilikwenda mwenyewe, nikautoa mzigo wangu wa vitenge, nikaupeleka stoo kwenye magunia ya makaa, nikatandika mkeka hapo. Umutesi alibadilisha shuka upya ingawa zilikuwa safi.

Mzee Mukengere aliingia, akavua viatu, akafunga mlango. Jua lilikuwa bado halijazama. Nilianza kumsimulia Mzee Wenceslas pale ukumbini jinsi nilivyowatafuta wote wawili, na nilikuwa nimefika pazuri, Umutesi aliponijia na kidole mdomoni. Kupitia mlangoni tulimsikia mzee akikoroma.

"Tantine," alininong'oneza, "pole pole. Kuna mgeni amelala."